Miwani ya Mgeni

Bi Damyanti alikuwa na sharti moja, na alilitoa Jumamosi ya kwanza, kabla Sheikha hajavua hata koti.

"Utasimama pale pembeni, utatazama. Hushiki kitu, husemi neno. Mtu akikuuliza habari ya mvua, mwambie yes, inanyesha, basi."

Sheikha akaitikia. Hata angeambiwa asimame kwa mguu mmoja angeitikia, maana alikuwa amekwisha kuyazunguka maduka yote ya miwani ya Kilburn, London, na ya jirani, na kila alikoingia alipewa tabasamu zuri na kuoneshwa mlango. Alitaka kwenda chuo kikuu kusomea upimaji wa macho, na vyuo vyenyewe vina madeko yao. Maksi peke yake hawazitaki. Wanataka uwe umekaa ndani ya chumba cha kupimia, ukamfuata mpimaji kama kivuli chake, ukaona kazi ilivyo, kisha mpimaji huyo akuandikie barua kwamba una kitu kichwani. Bila ya barua hiyo, maombi yako yanafaa kufungia maandazi tu.

Aliyemtia ndani ni Mzee Mohinder, mzaliwa wa Nakuru mwenye kilemba cha buluu, aliyekaa mapokezi na kuuza fremu. Siku hiyo Sheikha alikuwa amesimama nje ya duka kwenye manyunyu, akimlalamikia bibi yake kwenye simu kwamba hili ndilo la mwisho, na hapa nako watamkatalia tu. Mzee Mohinder akafungua mlango, akatoa kichwa.

"Msichana, si uingie kwanza ndiyo tukukatalie vizuri?"

Sheikha nusura aiangushe simu. Alikuwa hajapata kusikia Kiswahili kutoka chini ya kilemba kama kile, na ndani ya duka akakuta kingine cha kumshangaza zaidi: mwenye duka, mama wa Kihindi mwenye nywele fupi za mvi, aliyekuja kila asubuhi na gari lake kutoka Stanmore, alizaliwa Wete. Aliondoka Pemba akiwa mtoto wa shule, mambo ya kisiwani yalipobadilika na baba yake akafunga duka, lakini Kiswahili chake aliondoka nacho chote. Aliposikia Sheikha ni mtoto wa Pemba, na amelelewa na bibi, akamtazama juu mpaka chini, akasema aje Jumamosi.

Basi Sheikha akawa kivuli. Na kivuli chenyewe kilikuwa na furaha isiyo kifani. Siku alipooneshwa kwenye skrini picha ya nyuma ya jicho la mtu, ile duara ya rangi ya chungwa na mishipa yake inayotambaa, alisahau kuvuta pumzi. Aliipenda harufu ya dawa ya kusafishia lenzi. Aliipenda ile mashine kubwa inayowekwa mbele ya uso wa mtu, na mkono wa Bi Damyanti ukizungusha lenzi ndani yake, tak, tak, huku akiuliza swali lile lile kutwa nzima: "Ipi bora, hii... au hii?"

Kitu ambacho hakukipenda ni chai.

Duka likifungwa jioni, Bi Damyanti alikuwa na mazoea ya kuingia kijikoni nyuma na kutoka na vikombe vitatu vya chai yake mwenyewe. Daktari alikuwa amemkataza sukari, kwa hiyo aliwakataza wote. Pahala pa sukari alitia pilipili manga, tena kwa ukarimu, na tangawizi ambayo Mungu peke yake ndiye aliyejua kipimo chake. Ukinywa funda moja, macho yanatiririka. Mzee Mohinder alikuwa amemnong'oneza Sheikha tangu siku ya kwanza: "Hii ni dawa ya macho makavu, sikiza mimi." Yeye mwenyewe alikuwa na ua lake kwenye chungu karibu na dirisha, na kila jioni, Bi Damyanti akigeuka tu, ua lilipata kikombe kizima. Lilikuwa ua la nne. Matatu ya mwanzo yalikufa, na Bi Damyanti akalaumu jua la London, kwamba halina nguvu.

Kila Jumamosi jioni, kikombe mkononi, Bi Damyanti alimuuliza Sheikha: "Haya, leo nimekosea wapi?"

Na kila jioni Sheikha alijibu: "Hujakosea kitu, Bi Damyanti."

"Na chai?"

"Nzuri sana. Ahsante."

Hayo yalikwenda vizuri, au Sheikha alidhani yanakwenda vizuri, mpaka jioni moja Bi Damyanti alipoweka kikombe chake chini na kuvua miwani.

"Sheikha, weye mtoto mzuri. Una adabu, waliokulea wamekulea. Lakini mie sitafuti adabu. Kazi hii ni ya kuona kasoro. Mtu anaingia humu ananiambia I'm fine, everything is fine, na jicho lake lina presha ndani, linakufa taratibu. Akikukuta weye na weye ukimwambia fine, atapofuka kwa heshima zote." Akaifuta miwani yake kwa ncha ya shati. "Kila Jumamosi nakuuliza swali moja. Hakuna mtu anayefanya kazi kutwa asikosee. Ama huoni, ama unaona na unanificha. Yote mawili hayanifai. Deadline yenu mwisho wa mwezi, si ndiyo? Basi mpaka hapo unioneshe kama una macho. Usiponionesha, barua ya reference siandiki. Siandiki uongo."

Sheikha alipanda basi kurudi kwao. Kilichomuuma zaidi ni kwamba alikuwa ameona. Aliona tangu Jumamosi ya pili.

Waingereza na Wairishi wa Kilburn walipoulizwa hii au hii, walijibu kama watu wanaochagua nyanya sokoni: hii mbaya, rudisha ile, hapana, ile nayo mbaya. Wakipewa miwani isiyowakaa, kesho yake wamo dukani wanagombana na Mzee Mohinder. Lakini wazee wa kwetu, wa Unguja na Pemba, walikaa kwenye kiti kile kama waliokaribishwa sebuleni kwa watu. Mzee Ameir, aliyewahi kuwa karani wa bandari na sasa ana magoti mabovu, aliulizwa ipi bora, akajibu: "Zote nzuri, mwanangu." Akaulizwa tena, akasema: "Hiyo unayoona weye inafaa." Ataanzaje kumwambia mtu anayemhangaikia kwamba anachompa hakifai? Akachukua miwani, akashukuru, akaomba dua, akaondoka akipapasa kizingiti. Na Bi Damyanti akajisifu mbele ya Mzee Mohinder: "Wazee wa Zanzibar sijapata hata mmoja aliyerudisha miwani!"

Hawarudishi, Sheikha alisema moyoni. Wanaitia kabatini.

Sasa ayaseme vipi maneno hayo, yeye, kwa mama aliyezidi umri wa mama yake? Kwao mtoto hamwambii mkubwa kwamba amekosea. Akiona kapu la mkubwa limetoboka, hulikimbilia akalibeba yeye, basi. Alimlaumu Bi Damyanti, akajilaumu mwenyewe, akalaumu chuo kikuu, na basi likampitisha kituo chake.

Nyumbani, ghorofa ya tatu, baba alikuwa zamu kwenye maghala ya Hayes na mama bado yuko kazini kwa wazee anaowahudumia. Alikuwepo bibi tu, Bi Mwanamwema, amekaa kitini karibu na dirisha na Msahafu mapajani, midomo inacheza. Sheikha akamwamkia, akambusu mkono, akaenda kumpikia chai ya maana, yenye maziwa na sukari. Aliporudi nayo alisimama nyuma ya kiti. Bibi alikuwa akisoma Yasini, sauti nzuri, haikosei. Lakini ukurasa uliokuwa wazi haukuwa wa Yasini. Ulikuwa ukurasa ule ule wa jana, na wa juzi.

Bibi hasomi, Sheikha alitambua. Anasoma kwa ghibu yale aliyoyahifadhi utotoni, huku amekumbatia kitabu asichokiona.

Hapo mambo mengine yote yakajipanga yenyewe kichwani mwake. Bibi, ambaye hata mchele wa London usio na chenga wala jiwe alikuwa akiuchambua punje kwa punje, siku hizi anausifu kwamba umekuwa safi na kuutia chunguni moja kwa moja. Na wiki nzima iliyopita amekuwa akimlalamikia mwanamke mmoja wa Kilburn High Road, anayesimama nje ya duka la mitandio: "Kila nikipita namtolea salamu, haitikii. Sijui kalelewa na nani yule."

"Bibi, mbona huvai miwani yako?"

"Ipo, mjukuu wangu. Nzuri mno. Naitunza."

"Lakini unaona nayo?"

"Yule kijana aliyenipimia alikuwa na heshima sana," Bibi alijibu. "Alinishika mkono mpaka mlangoni."

Jibu ndilo hilo. Sheikha alifungua mtoto wa meza, akaitoa ile miwani kutoka kwenye kitambaa ilimofungwa, na alitaka kulia na kucheka kwa pamoja.

Jumamosi iliyofuata alimpeleka Bibi dukani. Bi Mwanamwema alivaa baibui lake la kutokea na kujitia udi, kama anakwenda harusini. Bi Damyanti alipomwona tu alitoka nyuma ya meza, akamwamkia kwa adabu zote za Wete.

"Wa nani weye, mwanangu?" Bibi aliuliza, akiegemea sauti badala ya uso.

"Wa Kanti. Kanti wa duka la nguo, karibu na gati."

"Ala! Mtoto wa Kanti!" Bibi akamshika mikono yote miwili. "Kanga zangu za harusi nilinunua kwa baba yako! Kanga nzuri, kanga za heshima! Kanti hajambo?"

Kanti alikwisha kufariki siku nyingi, na Bibi akamwombea, na Bi Damyanti akafuta jicho, na Mzee Mohinder naye, ambaye Wete hajaiona hata kwenye ramani, akafuta lake. Ilikuwa furaha kubwa. Sheikha peke yake, pale pembeni, hakufurahi. Sasa ndiyo mambo yameharibika kabisa, aliwaza. Kama Bibi hakuweza kumwambia kijana asiyemjua kwamba lenzi yake mbaya, ataweza kumwambia mtoto wa Kanti?

Hakuweza. Bi Damyanti alimulika, akapima presha ya macho, akakuta presha salama, akakuta mtoto wa jicho ameanza kidogo, si wa kutisha lakini wa kutosha kuibabaisha mashine inayotoa namba za miwani. "Hii inakisia tu," alieleza. "Itakayobaki utaniambia mwenyewe, Bibi." Akawasha ubao wa tarakimu, ule alioutenga kwa ajili ya wazee waliosoma chuo cha Kurani na si skuli, akazungusha lenzi. Tak.

"Ipi bora, hii... au hii?"

"Zote nzuri, mwanangu."

Tak. "Na sasa? Hii, au hii?"

"Mungu akuzidishie. Zote zimenipendeza."

"Mstari wa chini unasomeka, Bibi?"

"Unasomeka, mwanangu, kwa mwenye kuusoma."

Bi Damyanti akacheka kwa mapenzi. Alikuwa amerudi Wete, na mtu aliyerudi kwao hachunguzi sana. Akazungusha mara mbili tatu zaidi, akapata zote nzuri mara mbili tatu zaidi, akaitazama ile miwani ya zamani na kuona namba zimekaribiana. "Basi, Bibi. Haya ni macho ya uzee tu. Nitakuandikia kama hii hii, niongeze kidogo."

Akachukua kalamu.

Sheikha aliitazama ile kalamu. Alijua vizuri sana kilichokuwa juu ya mizani. Akinyamaza, jioni atasema hujakosea kitu, na Bibi atarudi na miwani nyingine ya kutunzwa, na ukurasa hautageuka tena. Akisema, atakuwa amevunja sharti pekee aliloambiwa, mbele ya mteja, na kumwaibisha mwenye duka mwisho wa mwezi unapogonga mlango. Barua itakwenda na maji.

"Bi Damyanti," alisema. "Umekosea."

Kalamu ikasimama. Bibi akadakia.

"Wee Sheikha! Una wazimu? Mtu anasema hivyo na mkubwa? Nisamehe, mwanangu, mtoto huyu sijui leo kala nini."

"Mwache aseme," Bi Damyanti alisema, bila ya kucheka. "Nimekosea wapi?"

"Umemuuliza swali asiloweza kulijibu." Sheikha akapiga hatua moja kutoka pembeni. "Ukimuuliza ipi bora, unamtaka aseme nyingine mbaya. Hawezi kukwambia ulichompa kibaya. Hata ukimwekea kibao cha mlango atasema kizuri. Na si yeye tu. Mzee Ameir pia. Wote wale. Hawarudishi miwani kwa sababu hawaivai."

Bi Damyanti akazungusha kiti chake, akainuka, akaonesha pahala pake kwa mkono.

"Haya. Muulize weye. Lenzi nitageuza mie."

Hapo Sheikha akatambua kwamba kulaumu ni kazi nyepesi. Amuulize nini? Amwambie Bibi aseme kweli? Bibi angeapa kwamba anasema kweli. Akafikiri juu ya nyumba yao, juu ya Bibi na adabu zake, nani anakula kwanza, nani anapewa kipande cha kifua cha kuku na nani anabaki na shingo. Na papo hapo akaona mlango.

"Bibi," alisema, "tuseme mgeni kaja nyumbani."

"Mgeni gani?"

"Mgeni tu. Macho yake kama yako, kasahau miwani yake kwao. Na weye ndani unazo mbili. Moja hii..." Tak. "...na moja hii. Utampa ipi?"

"Mgeni wa kupita au mgeni wa heshima?"

"Wa heshima sana."

Bibi akakaa vizuri kitini. Hili sasa lilikuwa swali la watu wazima. "Hebu nione tena ya mwanzo," alisema. Tak. "Na ya pili." Tak. "Aa, mgeni mpe ya mwanzo. Hiyo ya pili ina ukungu, si ya kumpa mtu. Hiyo nitavaa mie."

Bi Damyanti akageuza kichwa, akamtazama Sheikha, na kinywa chake kilikuwa wazi.

Wakaendelea. Hii au hii kwa mgeni? Mpeni hii. Na sasa? Hiyo ya nyuma inamtia mtu kizunguzungu, msimpe, mtamwangusha ngazini. Na hii? Hii kidogo, lakini hebu mtafutieni nyingine, mgeni hapewi cha kidogo kidogo. Bibi hakuwa mpole tena. Kwa ajili ya mgeni yule alikuwa mkali kuliko Mwirishi yeyote aliyepata kukalia kiti kile. Alikataa, alirudisha, alidai aoneshwe tena. Na lenzi zikawa zinabadilika, namba zikawa zinakwenda mbali na za ile miwani ya zamani, mpaka mara Bibi akaanza kusoma.

"Saba," alisema polepole. "Mbili. Tisa. Nne." Ulikuwa mstari wa chini kabisa. "Kumbe huu nao ni mstari? Mie nilidhani kidoa cha ukutani."

Bi Damyanti aliandika. "Basi, Bibi. Miwani hii nitakutengenezea weye."

"Mie? Na mgeni je?"

"Hapa kwangu," Bi Damyanti alisema, "mgeni ni weye."

Bi Mwanamwema akambusu mtoto wa Kanti kwenye paji la uso.

Jioni, Sheikha alipokwisha kumpeleka Bibi nyumbani na kurudi dukani kumalizia siku yake, hakukuwa na utani. "Umevunja sharti langu," Bi Damyanti alisema.

"Ndiyo. Nisamehe."

"Na Jumamosi zote hizi ulikuwa unaona, ukaniambia hujakosea kitu. Wazee wangu wote wale wanapapasa njia, na mie najisifu." Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeumia, wala hakuificha. "Mohinder, Monday uwapigie simu mmoja mmoja. Waambie kuna check-up ya bure, mwenye duka kachanganyikiwa." Kisha akamgeukia tena Sheikha. "Leo umesema kwa ajili ya bibi yako. Kila mtu ana bibi, na kila mtu atasema kwa ajili yake. Mie nataka kujua kama utasema pasipo bibi. Barua tutaizungumza miwani ikifika."

Wiki hiyo Sheikha hakulala vizuri hata siku moja. Miwani ilifika Jumamosi iliyofuata, na siku mbili baada ya Jumamosi hiyo maombi yalikuwa yanafungwa.

Bibi alivalishwa pale mapokezi. Alitazama mikono yake kwanza, mbele na nyuma. Akamtazama Mzee Mohinder, akasema kumbe kilemba ni cha buluu, yeye alidhani cheusi. Akamtazama Sheikha muda mrefu, akamgusa shavu, na Sheikha akainamisha macho kuficha machozi. Bi Damyanti akampeleka mlangoni atazame nje, mbali, ng'ambo ya barabara. Bibi akatazama. Akavua miwani, akatazama, akavaa tena.

"Lahaula! Sanamu!" alisema. "Yule mwanamke wa mitandio ni sanamu la plastiki! Na mie nimemsengenya Kilburn nzima!"

Mzee Mohinder ilibidi ashike meza. Walipokwisha kucheka, Bi Damyanti akaingia kijikoni, akatoka na vikombe vinne. Akampa Bibi, akampa Mzee Mohinder, akampa Sheikha. Kisha akasimama mbele ya Sheikha, mikono kifuani.

"Chai ikoje?"

Nyuma yake Mzee Mohinder alikuwa akitikisa kichwa kwa nguvu zote za shingo yake: usithubutu. Sheikha akalitazama ua la nne, ambalo lilikwisha kuinamisha majani. Akafikiria barua ambayo haijaandikwa. Ingekuwa rahisi mno kusema nzuri sana. Ni chai tu, nani angekufa kwa ajili ya chai?

"Bi Damyanti," alisema, "hainyweki. Pilipili imezidi, tangawizi imezidi, na haina utamu wowote. Tangu nimekuja hapa nanywa huku nalia. Nisamehe."

"Uongo!" Bi Damyanti alisema. "Miaka yote hii watu wanakunywa chai yangu! Mohinder?"

Mzee Mohinder akatazama dari.

"Bibi! Weye niambie kweli. Chai yangu ikoje?"

"Nzuri sana, mwanangu," Bibi alisema. "Mungu akuzidishie."

Bi Damyanti akamgeukia Sheikha kwa ushindi, kidole juu. Kikabaki pale juu. Akakishusha taratibu, akamgeukia Bibi tena.

"Bibi. Tuseme mgeni kaja. Mgeni wa heshima sana. Utampa chai hii?"

Bi Mwanamwema akainamisha uso juu ya kikombe, na kwa ile miwani mpya akaitazama chai sawasawa, na vile vipande vyeusi vinavyoelea juu yake.

"Mgeni?" alisema. "Aa, hapana, mwanangu. Mgeni nitampa maji." Na kwa kuwa mlango ulikwisha kufunguka, akaona atoe na lililobaki. "Na zile kanga za baba yako, Mungu amrehemu, zilikuwa zikichuja. Fuo la kwanza tu, zimekuwa nyeupe. Nilinyamaza kwa kuwa alinifungia vizuri."

Bi Damyanti akakichukua kikombe cha Bibi. Aliitazama chai, akamtazama Mzee Mohinder, akalitazama ua, na hapo akaelewa kilichoyaua yale matatu ya mwanzo. Akaingia chumba cha kupimia, akafunga mlango.

"Bas," Mzee Mohinder alinong'ona. "Baba mtu, chai, na maua, yote kwa siku moja. Umekwisha, msichana."

Sheikha alikaa chini. Alishangaa kwamba hakujuta. Aliogopa, naam, lakini hakujuta. Kutoka nyuma ya mlango ilisikika sauti, na kwanza walidhani analia. Alikuwa anacheka. Alicheka peke yake mpaka akakohoa, kisha zikasikika kelele za kibodi, kisha printa, kisha mlango ukafunguka na Bi Damyanti akatoka macho mekundu na karatasi mkononi.

"Nimeandika kifupi," alisema. "Nimewaambia: anaona kasoro, anaisema mbele ya mwenyewe, kisha anatafuta dawa yake. Nimewaambia wasipomchukua wao ndio wanaohitaji miwani." Akaifuta pua. "Na kuanzia leo chai unapika weye."

Sheikha akamkumbatia. Bibi akanyoosha mkono apewe na yeye karatasi aione. Kizungu hakijui hata kidogo. Akaisogeza, akaiweka mbali, akaisogeza tena, akaipitisha macho mstari kwa mstari mpaka chini.

"Naziona herufi zote," alisema. "Lakini hapa ulipotia sahihi, mwanangu, umekwenda upande."

Jioni ile Sheikha alikaa mbele ya kompyuta kuyapeleka maombi yake. Barua alikuwa amekwisha kuiambatanisha, na alibakisha kubonyeza tu. Nyuma yake, kwenye kiti cha dirishani, Bibi alikuwa akisoma, polepole kuliko kawaida, akisita pale, akirudia hapa. Sheikha aliacha mkono juu ya kitufe akangoja. Kisha akasikia ukurasa ukigeuzwa, na akabonyeza.